Karameli ya Bukavu haifuati namba za London

Swali: Jambo mama. Ninaishi Nguba, hapa Bukavu. Mtoto wa dada yangu anapata komunyo ya kwanza, na nimeahidi kuleta zile biskuti za tabaka tatu: biskuti ya siagi chini, karameli katikati, chokoleti juu. Nilifuata video ya mpishi mmoja wa London, nikanunua hata kipimajoto. Yeye alisema karameli itolewe motoni ikifika nyuzi 114. Nikaitoa hapo hapo, lakini ilipopoa ikawa ngumu, inang'ang'ania meno, kisu hakiingii. Mara ya pili niliogopa, nikaitoa mapema kwa kukadiria tu, ikatiririka pembeni. Chokoleti nayo ilibanduka yote nilipokata, na biskuti ya chini ikalegea siku ya pili. Nakosea wapi? Umeme wetu si wa kutegemea, kwa hiyo mara natumia oveni, mara mbabula, lile jiko la makala (makaa).

Jibu: Jambo dada, na hongera kwa komunyo ya mtoto. Mkono wako hauna shida, na kipimajoto chako huenda ni kizima. Iliyokuangusha ni ile namba 114. Ni sahihi kwa mtu anayepikia London, lakini ukiifuata Bukavu unaipita karameli unayoitaka. Nitakaa hapo kwanza, maana ukilielewa jambo hili, hata jamu na pipi zitakutii.

London iko karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu yake. Hata maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 hivi. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Kule pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa kwetu kwenye 95. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakula makala mengi hivyo: yanatokota kwa nguvu, lakini maji yenyewe hayana joto la maji ya pwani.

Sasa angalia karameli. Ni sukari, maziwa na siagi unavyovipunguzia maji polepole. Ikiwa inachemka, joto lake linakuambia maji kiasi gani yamebaki ndani: yakipungua, joto linapanda. Mpishi wa London akifika 114, karameli yake imebakiwa na maji ya kuifanya laini lakini yenye kusimama. Wewe Bukavu unafika kwenye maji kiasi hicho hicho ukiwa 109 tu. Ulipoendelea mpaka 114, ulikausha sawa na mtu wa London aliyefika 119, na hiyo tayari ni karameli ya pipi za kutafuna.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa sukari, chemsha maji matupu. Ingiza kipimajoto bila kukigusisha chini ya sufuria, ngoja maji yatokote kabisa, soma namba. Ikiwa 95, punguza 5 kwenye kila namba ya karameli utakayoikuta kwenye kitabu au video ya watu wa pwani. Ikiwa 93, kipimajoto chako kinasoma chini kidogo, basi punguza 7, na kasoro yake inakuwa imeshahesabiwa humo humo. Aliyeko Goma atapata karibu sawa na wewe. Wa Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na kitu, atapunguza 4. Wa Uvira, kule chini kando ya Tanganyika, 2 au 3 zinamtosha.

Lakini usipunguze namba za oveni, wala za kuyeyusha chokoleti. Siagi ya kakao inayeyuka kwa joto lile lile, uwe Bukavu au uwe ufukweni. Kinachobadilika na mlima ni kuchemka kwa maji.

Hata ukiwa na kipimajoto, jifunze kipimo cha maji baridi. Mimi ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu hakijui mwinuko, hakina betri, na kinakuonyesha karameli yenyewe jinsi itakavyokuwa ikipoa. Weka bakuli la maji baridi pembeni ya moto. Karameli ikishaiva rangi na mapovu yake yamekuwa mazito na ya polepole, ondoa sufuria kwenye moto, chota nusu kijiko cha chai, dondosha ndani ya maji, hesabu mpaka 10, kisha ikusanye kwa vidole. Ikiyeyuka na kuchafua maji, bado. Ikikusanyika lakini ikachuruzika ukiitoa nje, bado kidogo. Unachotafuta ni bonge laini: linakubali kuviringwa ndani ya maji, na ukiliweka kiganjani linajilaza taratibu, halitiririki. Likibaki duara kamili na kukataa kubonyea, umeshapita.

Nimesema ondoa sufuria kwenye moto wakati wa kupima, na kwa mtu wa mbabula ni lazima. Makala hayazimwi kwa kuzungusha kitufe. Sekunde 30 unazozitumia kuchezea bonge kwenye maji zinatosha kuiharibu karameli iliyoachwa juu ya moto.

Sasa vipimo, kwa chombo cha mraba cha sentimita 20. Kwa karameli: maziwa mazito ya kopo yenye sukari, gramu 397 au kopo la karibu na hapo, siagi gramu 100, sukari ya kahawia gramu 100, asali kijiko kimoja cha supu, chumvi nusu kijiko cha chai. Asali haiko pale kwa utamu. Sukari yake ni ya aina nyingine, inazuia sukari ya kawaida kujipanga upya kuwa chembe chembe, na ndivyo karameli inavyobaki nyororo mdomoni. Glukosi ya maji inafanya kazi hiyo hiyo bila kuleta harufu. Ndimu usiitie, itayakata maziwa.

Kopo likiwa ghali au halipatikani, tengeneza maziwa hayo mwenyewe. Chukua lita 1 ya maziwa mabichi ya ng'ombe, yasiyoongezwa maji, na sukari gramu 250. Chemsha kwenye sufuria pana kwa moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara, mpaka yabaki nusu yake au pungufu kidogo, gramu 500 hivi. Itachukua saa nzima au zaidi. Ukiyapima, tumia gramu 400 na ufiche zilizobaki kwa chai ya asubuhi. Ladha yake inaishinda ya kopo, nakuambia bila kusita, hasa ukipata maziwa ya ng'ombe wa milimani huko Kabare au Walungu.

Kuna watu wanaochemsha kopo likiwa limefungwa ndani ya sufuria ya maji kwa saa kadhaa mpaka maziwa yawe kahawia. Sikushauri. Maji yakikauka bila wewe kuona, kopo linaweza kupasuka na kumwaga karameli ya moto usoni mwa mtu. Na hata likiivia salama, kilichomo ni cha kupaka mkate. Hakijapungukiwa maji hata tone, kwa hiyo kitatiririka ukikikata.

Kupika kwenyewe: sufuria iwe nzito chini. Yeyusha siagi, sukari, asali na chumvi kwanza, kwa moto mdogo, na usiruhusu vichemke mpaka chembe za sukari ziishe. Paka kidogo kati ya vidole viwili (poza kwanza kwenye kijiko!): ukisikia mchanga, endelea kuyeyusha. Ndipo utie maziwa, uongeze moto kidogo, na kuanzia hapo usiondoke. Simu ikilia, iache ilie. Mwiko uwe na ncha bapa, upite chini yote na kwenye kona, maana sukari ya maziwa na protini zake huungua haraka pale chini. Rangi itatoka kwenye weupe kwenda manjano, kisha kahawia ya dhahabu. Kwa kawaida ni dakika 10 mpaka 15 baada ya kuanza kuchemka, ila fuata bonge, si saa.

Kwa mbabula, subiri makala yapite ule ukali wa mwanzo, yavae majivu meupe, kisha yatandaze. Ukiona vipande vyeusi vinaelea ndani ya karameli, usivikwangue chini zaidi. Mimina iliyo juu kwenye sufuria nyingine kupitia kichujio, endelea kupika humo.

Karameli ikikataa, mara nyingi inaokoleka. Ikijitenga na mafuta yakaelea juu, iondoe motoni, tia kijiko kimoja cha supu cha maji ya moto, piga kwa nguvu mpaka irudi kuwa kitu kimoja. Ikiwa na chembe chembe, ongeza vijiko vitatu vya maji, yeyusha polepole, upike tena. Ukigundua kwenye bakuli la maji kwamba umepita, ongeza vijiko viwili vya maziwa, irudishe motoni kidogo, upime tena. Ndiyo faida ya kupima kabla ya kumimina: ikishakaa juu ya biskuti hakuna dawa.

Biskuti ya chini ni rahisi kuliko zote, na ilianzia Uskoti, ambako fundi hakuhitaji kukariri zaidi ya uwiano: sukari fungu 1, siagi mafungu 2, unga mafungu 3, kwa uzito. Kwa chombo chako ni sukari gramu 75, siagi gramu 150, unga wa ngano gramu 225. Ninapenda kutoa gramu 25 za unga na kuweka maizena (wanga wa mahindi) badala yake, inavunjika vizuri zaidi. Haina hamira wala baking powder, kwa hiyo mwinuko hauisumbui kama unavyosumbua keki. Sukari yetu ya sokoni ina punje kubwa. Isage kwanza kwenye blenda au itwange.

Kulegea kwake siku ya pili kuna sababu mbili, na nashuku unazo zote. Ya kwanza ni majarini. Siagi halisi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Majarini nyingi za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo yanabaki kwenye biskuti. Kama fedha haitoshi kununua siagi kwa tabaka zote, weka siagi kwenye biskuti ya chini, na kwenye karameli tumia majarini ngumu ya kuokea. Wengi hufanya kinyume. Ya pili ni kuitoa oveni ikiwa bado nyeupe. Biskuti hii itabeba karameli yenye unyevu, kwa hiyo lazima iive mpaka katikati iwe na rangi ya mchanga mkavu na pembeni dhahabu.

Sugua siagi baridi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka upate makombo, kandamiza kwenye chombo kilichotandikwa karatasi ya kuokea, usawazishe kwa sehemu ya nyuma ya kijiko, toboa toboa kwa uma. Nyuzi 160 mpaka 170, dakika 30 hivi. Kama oveni yako haina namba, nyunyiza kijiko cha unga kwenye trei na uiweke ndani dakika 5. Unga ukipata rangi hafifu ya kahawia, sawa. Ukiwa mweusi mweusi, punguza moto.

Umeme ukikatika, mbabula inafanya kazi hii vizuri. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu au vijiwe chini, chombo juu yake, mfuniko, makala machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Pasha sufuria tupu dakika 10 kwanza. Watu huweka makala mengi chini, na hapo biskuti inaungua chini ikiwa mbichi juu. Chungulia baada ya dakika 20, si kabla, kwa sababu kila ukifungua joto lote linatoka.

Acha biskuti ipoe kabla ya kumimina karameli, au angalau iwe vuguvugu. Kisha karameli, kisha subira.

Tuje kwenye chokoleti iliyobanduka. Kwanza, ulinunua chokoleti gani? Geuza pakiti usome. Ikiwa na beurre de cacao (siagi ya kakao) tu, ni chokoleti halisi. Ikiwa na matière grasse végétale (mafuta ya mimea) mwanzoni mwa orodha, ni ya kupambia keki: inaganda yenyewe bila shida, ila mdomoni inaacha utando wa mafuta. Kwa komunyo ningetafuta halisi. Mkoa jirani wa Kivu Kaskazini unalima kakao, hasa upande wa Beni, na kule Mutwanga chini ya Ruwenzori kuna chokoleti inayotengenezwa hapo hapo. Ukiipata, ile nyeusi inaukata utamu wa karameli kuliko ya maziwa.

Chokoleti halisi ikiganda hujikaza na kunywea kidogo. Ikimiminwa juu ya karameli iliyotoka friji, inaganda kwa ghafla na haishiki. Tena karameli baridi hutoa jasho ikikutana na hewa yetu ya msimu wa mvua, na unyevu ule ndio unaoitenganisha kabisa. Mimina chokoleti wakati karameli imesimama lakini ukiigusa bado ina uvuguvugu kidogo. Kama imeshapoa kabisa, pitisha uma juu yake kwa wepesi ili ipate mikwaruzo, na kama uso wake una mafuta, yapanguse kwa karatasi.

Kwa gramu 200 za chokoleti una njia mbili. Ya kwanza, uyeyushe na kijiko kimoja cha supu cha mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu. Mawese hapana, ladha yake itashika kila kitu. Mafuta hayo yanailainisha, kisu kinapita bila kuipasua, na ndiyo njia ninayokushauri kwa sherehe hii. Njia ya pili ni ya mafundi: katakata chokoleti, yeyusha theluthi mbili mpaka nyuzi 45, ondoa, tia theluthi iliyobaki ukikoroga mpaka ishuke karibu 28, kisha ipashe tena polepole mpaka 31 au 32 kwa nyeusi, 29 au 30 kwa ya maziwa. Hiyo inapanga siagi ya kakao ipate mng'ao na mlio inapovunjika. Ni nzuri sana, lakini inavunjika ovyo chini ya kisu kama hukuchora mistari mapema.

Kwa njia zote mbili, yeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke tu, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia, chokoleti inakuwa nzito na kugoma. Ikitokea hivyo, usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko mpaka ilainike, itakuwa nzuri kwa kujaza keki, ila juu ya biskuti hizi tumia nyingine.

Hali ya hewa yetu inakusaidia hapa. Chumba cha Bukavu chenye nyuzi 20 hivi ni kizuri kwa chokoleti kuganda, wala huhitaji friji. Mwenzako wa Lubumbashi kwenye joto la Oktoba hana bahati hiyo, yeye apike usiku.

Kukata: chokoleti ikianza kupoteza mng'ao wa majimaji, baada ya dakika 15 au 20, chora mistari juu yake kwa ncha ya kisu, ukifika kwenye karameli tu. Iache igande kabisa. Kisha toa bamba lote kwa kuvuta karatasi, chovya kisu kirefu kwenye maji ya moto, kikaushe kabisa kwa kitambaa, weka kwenye mstari uliouchora na ukandamize moja kwa moja chini. Usikivute mbele na nyuma. Panguse na upashe kisu kila baada ya mkato. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapa ndipo mtu anapoziona tabaka tatu zimesimama safi, na hakuna mapambo yatakayoleta sura hiyo.

Chombo cha sentimita 20 kinatoa vipande 36 ukikata mara sita kwa sita, na ni vitamu sana, kipande kidogo kinamtosha mtoto. Kwa watu 60 pika vyombo viwili. Karameli ya vyombo viwili usiipike kwa pamoja kwenye sufuria moja: maji yatachelewa kukauka, chini itaungua kabla ya juu kuiva. Ipike kwa awamu mbili. Pika siku mbili kabla ya misa, panga kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya safu na safu, uweke mahali pa baridi nje ya friji. Zitakaa siku tano bila kulegea. Siku yenyewe, kama mnapeleka kwa gari kwenye barabara zetu, beba bamba likiwa zima ndani ya chombo chake, lenye mistari iliyochorwa, na ukatie jikoni kwa dada yako wakati watu bado wako kanisani.